Picha ya Kuzikia

Walinijia Jumanne kabla sijafungua studio,
wana watatu wa marehemu Khasoa,
mvua ya Kakamega imewatangulia mlangoni.
"Fundi Lihanda, tunataka picha. Tunazika Jumamosi."

Ipi?
Kifungua mimba akatoa simu.
Ndani yake mama yao alikuwapo mara mia tatu na kumi na mbili.

Kamera nimeibeba miaka kumi na tisa.
Shingo yangu ina alama ya mkanda
kama fahali alama ya nira.
Lenzi moja ilikula ng'ombe wawili wa baba
na deni la chama ambalo mke wangu halitaji, ila halisahau.
Nilipiga maharusi, nikapiga maaskofu,
kisha simu zikaota viganjani mwa watu kama uyoga baada ya radi,
nikabakiwa na pasipoti, vitambulisho vya shule
na wafu.

Basi zile picha nilizichukia kabla sijaziona.

Moja ilikuwa imelainishwa:
uso mweupe kama ugali wa sembe,
na kovu la shavuni, lile la mafuta ya mandazi,
limefutwa, kana kwamba hakuwahi kuwalisha.
Nyingine, simu imejifanya fundi,
imetia ukungu nyuma ya mtu,
ikadhani sikio la mama ni jani la mgomba,
ikalila.

Nilicheka kichinichini. Mungu anisamehe.

Nikafungua kabati, nikawatolea yangu,
niliyompiga siku alipopata hati ya shamba.
Kila uzi wa kitambaa unahesabika.
Kovu lipo, linang'aa kama njia ya konokono.
Ndani ya mboni zake, ukikaza macho,
utaliona dirisha langu, pamoja na nondo zake.

Wakaitazama. Kimya.
Minayo, kitinda mimba, akasema polepole:
"Ni yeye. Lakini hapa amebana pumzi."

Amebana pumzi.
Miaka kumi na tisa nawaambia watu: usitikisike.

Akaipekua simu yake, kioo kimepasuka
kama tope la Januari,
akanionyesha moja ya katikati, isiyo na mpangilio:
jikoni, moshi, mwanga wa mlango tu,
mama anachambua mrenda,
amegeuka kumjibu mtu tusiyemwona,
pengo lake wazi,
mkono wake umekuwa ukungu wa kijani.
Chembechembe tupu. Rangi zimelewa.
Kwa kila kanuni niliyofunzwa, picha mbovu.
Na kovu lilikuwapo,
limekunjwa ndani ya kicheko.

"Tunataka hii. Ukubwa wa mlango."

Nikaikuza kwenye kompyuta mbele yao.
Shavu likawa sakafu ya vigae,
jicho likawa ngazi,
mama akatawanyika hadi Minayo akaniomba, basi, rudisha.
Nikairudisha.
Kijicho cha simu ni chepesi, kinawahi,
ila hakina tumbo la kuweka mwanga wa kesho.
Hilo sikulisema. Nilisema tu:
"Huyu mwacheni awe mdogo."

Jumamosi, kule Shinyalu, zilikwenda mbili.
Yangu ilisimama langoni, juu ya turubai,
imenyooka, imevaa vizuri,
ikampokea chifu, ikapokea kwaya na wakwe,
kwa heshima ile ile aliyoibania pumzi.

Ya simu tuliiweka kando ya jeneza,
upana wa kiganja.
Kila mtu ilimbidi ainame ndipo amwone.
Nikawatazama wanavyoinama, mmoja mmoja,
wanavyochelewa kuinuka,
mzee mmoja hata akajibu, "Naam?"

Kamera ilikuwa shingoni. Sikuinua.

Ile kubwa walinilipa, na nauli juu.
Ile ndogo walinilipa pia, nikawarudishia.
Sikuipiga mimi.